Idd Mubarak kutoka Ujiji, na mwaka huu mbuzi afungwe vizuri

Assalaam aleikum wazee wangu, kaka na dada zangu, na nyie wajomba mliotawanyika Dar, Mwanza na Bujumbura. Mwezi umeandama. Takbira zinasikika tangu jana usiku, na asubuhi hii harufu ya pilau imeizidi hata ile ya dagaa walioanikwa. Idd Mubarak! Mungu azitakabali funga zetu, na waliotutangulia awalaze pema.

Katika hao waliotutangulia, Idd hii nimemkumbuka sana babu. Alikuwa mpakiaji mizigo bandarini, na kila sikukuu, pilau ikishashuka tumboni, alikaa barazani akakunja suruali kutuonyesha kovu la ugokoni. Alilipata kwenye mechi ya Idd. Walicheza pekupeku, na mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umefungwa kamba kama kiatu. Ukilowa unakuwa jiwe. Ukiupiga kichwa upande wa kamba, unarudi nyumbani na chapa kwenye paji la uso, na bibi hakuulizi ulikuwa wapi.

Zamani nilidhani mzungu alileta mpira, watu wakaupokea, basi. Kumbe kabla ya timu kulikuwa na ngoma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilisambaa bara, kundi la Marini upande huu, la Arinoti upande ule, wakishindana kwa sare na vyeo vya kujipachika, na wakati huohuo wakichangiana kwenye misiba na harusi. Reli ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, nayo ikazidi kuleta makarani na mafundi. Shule nazo, kama ile ya Tabora aliyosoma Mwalimu Nyerere, zikatoa vijana wanaojua kupanga namba uwanjani. Mimi naona vijana wale walipounda timu hawakuhitaji kubuni chama kipya. Kiingilio, mweka hazina, sare, mtani wa mtaa wa pili: vyote walishavizoea kwenye ngoma. Ndiyo maana mpaka leo mchezaji wa mchangani akifiwa, daftari la michango linatangulia kufika kuliko kocha.

Dar wana tarehe zao, Yanga 1935, Simba 1936 ikiitwa Queens, na wanazitaja kama watu wanaosoma shahada ya kuzaliwa. Timu zetu nyingi za mwanzo hazikuacha karatasi, ziliishi vichwani mwa wazee na kwenye magoti yao. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika iliingia 1945. Ligi ya taifa ilikuja 1965. Ila miguu ilikuwepo siku zote: akina Manara, Kitwana na Sunday, ni damu ya hapahapa Kigoma, na Sunday alifika hadi Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970. Sasa tuna Mashujaa, waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukapata tena kelele zake. Nawashangilia, tena kwa sauti. Lakini ile ni timu ya jeshi yenye mishahara. Moyo wangu umebaki mchangani.

Na mchangani tuna deni. Idd iliyopita, waliooa dhidi ya makapera, mbuzi wa zawadi alifungwa kwenye mlingoti wa goli. Mnakumbuka. Tulikuwa tunaongoza moja bila, kapera mmoja akaachia shuti, mbuzi akashtuka, kamba ikakatika, kipa wetu akamgeukia mbuzi badala ya mpira. Refa akaweka kati. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi, na mbuzi akalala kwa shehe kwa kukosa mwenyewe. Yule mbuzi sasa ana watoto wawili, maana kumbe alikuwa jike, na makapera wanadai na hao watoto ni wao.

Basi leo baada ya swala ya alasiri, uwanja uleule. Waliooa tutavaa nyeupe. Mlio mbali tumeni mkono wa Idd kwa mweka hazina, hela ya chaki na maji bado haijatimia. Mbuzi atafungwa kwenye mwembe, kwa kamba ya mtumbwi.