Asiye na gari naye alione Ziwa Nakuru

Kwa Mhariri,

Tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikiwa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, tumesikia mengi kuhusu barabara na masoko yake, lakini machache kuhusu jambo linaloipa upekee: kwamba mtu anaweza kupanda mlima asubuhi na kulitazama ziwa alasiri bila kwenda mbali na jiji. Sisi wakazi wa Nairobi tunaodamka alfajiri kupanda matatu na kurejea usiku tunaipenda sana safari hiyo, ila nusu yake ni kama imefungiwa asiye na gari.

Nusu iliyo wazi ni mlima wa volkano wa Menengai. Bodaboda humfikisha mtu hadi ukingoni, ingawa mwenye nguvu za miguu hufaidi zaidi akipanda mwenyewe kabla jua halijawa kali. Kilele kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 500 juu ya ziwa, kwa hivyo jasho humtoka mpandaji lakini kamba hazihitajiki. Huko juu ardhi hukatika ghafla, na mbele yako kuna kasoko yenye urefu wa takriban kilomita 12 na upana wa kilomita 8, sakafu yake ikiwa ni lava nyeusi iliyoganda na kuotwa na vichaka, huku mvuke ukifuka kutoka kwenye visima vya jotoardhi vilivyoanza kuchimbwa mwaka wa 2011. Ukigeuka kusini unaliona jiji lote, na nyuma yake ziwa. Mwalimu wa jiografia angemaliza pale somo zima la Bonde la Ufa bila chaki.

Ugumu huanza mtu anaposhuka. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru inapakana na mitaa, imezungushiwa ua, na ndani yake mna vifaru, nyati, simba na chui, ndiyo maana wageni hawaruhusiwi kutembea humo kwa miguu ila katika sehemu chache zilizotengwa. Kanuni hiyo siipingi hata kidogo. Nyati hajui mgeni wala mwenyeji. Ninalolalamikia ni kwamba aliyefika langoni kwa matatu hulazimika kukodi gari zima, na gharama yake huipita kwa mbali ada ya kiingilio anayotozwa raia. Kundi la marafiki linaweza kuchanga. Mama aliyekuja na watoto wawili huishia kuwapiga picha tumbili wa langoni.

Ninapendekeza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, likishirikiana na Serikali ya Kaunti ya Nakuru, liweke basi la pamoja mbugani siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kila mtu akilipia kiti chake kupitia jukwaa lile lile la eCitizen linalotumika kulipia kiingilio. Safari haihitaji kuwa ndefu. Ikifika Baboon Cliff, ambako ziwa huonekana lote kutoka juu, na kupita malishoni mwa vifaru, itakuwa imetosha. Walinzi wa mbuga ndio wapange njia yenyewe, kwa kuwa maji yaliyopanda katika miaka ya karibuni yalimeza lango kuu la zamani pamoja na barabara za ufuoni. Maji hayo hayo yalizimua chumvi na kupunguza mwani wanaoutegemea heroe (flamingo), wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria, hivyo anayetarajia ufuo wa waridi wa kwenye kalenda za zamani aambiwe mapema kabla hajalipa.

Kuhusu saa, basi la saa nane mchana lingemfaa aliyetoka Menengai, mradi liwe limerudi langoni kufikia saa kumi na moja, ili wa Nairobi wapate matatu kabla magari hayajaanza kusubiri abiria kwa muda mrefu stejini.

Mkazi wa Kasarani,
Nairobi