Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: watoto wa selimundu tumekua, sasa tunabeba mimba

Mheshimiwa Waziri, salaam na pole na majukumu.

Mimi ni mwanamke mwenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), nipo huku Kanda ya Ziwa, naandika hadharani sababu barua za ofisini zinaishia masjala. Nina jambo moja tu. Huu ugonjwa mnauchukulia kama wa watoto. Kila ikifika tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, hotuba ni watoto, mabango ni watoto, na sikatai, nchi yetu ipo kwenye tano bora za dunia kwa kuzaliwa watoto wenye selimundu, zaidi ya 10,000 kila mwaka. Ila wale watoto wanakua jamani. Wanavunja ungo, wanapata wapenzi, wanashika mimba, na hapo ndipo mnatupoteza.

Madaktari wa Muhimbili waliwahi kufuatilia waliojifungulia pale kuanzia 1999 hadi 2011. Kwa wenye selimundu walifariki karibu 11 katika kila 100, kwa wengine haikufika hata mmoja. Najua mtasema Muhimbili inapokea waliozidiwa. Ndio hapo sasa, kwa nini tufike tumezidiwa? Kifafa cha mimba, maambukizi, damu kuganda, mtoto kuzaliwa njiti au kufia tumboni, yote hayo kwetu yako juu na yanajulikana, sio ajali.

Mimi nilivyoanza kliniki nesi aliuliza presha, akauliza kisukari, nikapimwa HIV na kaswende, selimundu hakuna aliyeuliza. Nikasema mwenyewe, akaandika pembeni ya kadi, foleni ikaendelea. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu kama wenzangu wote, wakati mtu kama mimi nimeongezewa damu toka utotoni na madini ya chuma yanaweza kuwa yameshajaa mwilini, si angepima kwanza? Halafu nikamezeshwa SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, pale pale, na nyumbani nameza foliki asidi (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu) ya miligramu 5 kila siku kama nilivyozoeshwa. Foliki ya kiwango kile inaipunguzia SP nguvu, yaani nilikuwa nakunywa kinga haifanyi kazi yake vizuri na sina habari, nimekuja kujua nimeshazaa. Na malaria kwa mjamzito wa selimundu sio mchezo.

Kuna dada kwenye grupu letu la WhatsApp alikuwa anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu ambayo unatakiwa uongee na daktari uiache miezi kadhaa kabla hata ya kushika mimba, yeye akaendelea nayo mpaka tumbo kubwa sababu daktari wake wa selimundu na kliniki ya wajawazito hawajawahi kuongea hata siku moja.

Maumivu ndio usiseme. Mgongo unawaka, kifua kinabana, na kwetu kifua kubana kunaweza kuondoka na mtu haraka sana, naomba sindano ya maumivu nesi wa zamu anamwambia mwenzie kwa sauti "hawa wameshakuwa mateja."

Mwezi wa sita 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa mwongozo wa kwanza kabisa wa selimundu kwenye ujauzito, mambo ya foliki yamo, maumivu yamo, kuongezewa damu, damu kuganda, yote. Naomba uwekwe kwa Kiswahili ushuke mpaka zahanati, swali la selimundu liulizwe siku ya kwanza ya kliniki, kipimo kiwepo, na akigundulika apewe rufaa mapema akiwa bado anatembea mwenyewe, na mume apimwe pia, maana akiwa AS (amebeba kinasaba cha selimundu ila haumwi) kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuwa na ugonjwa, akiwa AA (hana kinasaba hicho) watoto watabeba vinasaba tu bila kuumwa. Hayo mtu ayajue kabla, sio yuko leba.

Na tafadhali jibu lisije kuwa "msizae." Hilo tunaambiwa na mawifi inatosha. Mimi nimezaa na mtoto yupo, na wapo wengi tu wamezaa salama pale walipofuatiliwa vizuri.

Ukija ziara huku ingia kliniki yoyote ya wajawazito bila kutangaza, muulize nesi mjamzito wa selimundu mnampa nini tofauti na wenzie. Akishindwa kujibu usimtumbue, hakuna aliyemfundisha.

Mama mwenye selimundu, Mwanza