YAH: MALALAMIKO JUU YA PROGRAMU YENU YA KUSKANI INAYOTUMIA KIINI KIMOJA CHA PROSESA

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Ofisi yetu ipo Morogoro. Kazi yetu ni kuyageuza majalada ya karatasi kuwa faili za PDF zinazotafutika: mikataba, hati za viwanja, kumbukumbu za wagonjwa. Tulinunua leseni ya ofisi ya programu yenu kwa sababu tangazo lenu liliahidi kasi kwa wenye kazi nyingi. Kasi hiyo hatujaiona, na sababu yake tunaijua.

Skana haina tatizo. Inavuta karatasi 60 kwa dakika bila kukwama. Foleni inaanzia kwenye programu, inapofika hatua ya kunyoosha kurasa zilizopinda, kufuta madoa na kusoma maandishi. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani takribani baiti milioni 26 kabla ya kubanwa. Ni mzigo, hatubishi, na ndiyo maana tulinunua kompyuta yenye prosesa ya viini 8, yaani sehemu nane zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya kompyuta, kazi ikiendelea, matumizi ya prosesa hayavuki asilimia 13. Hiyo ni moja ya nane. Kiini kimoja kinahenyeka, saba vimekaa bure, na vijana wangu wanangoja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi hii inagawanyika kirahisi kuliko kazi nyingi za kompyuta. Ukurasa wa 40 hauhitaji chochote kutoka ukurasa wa 39. Kila kiini kingeweza kupewa ukurasa wake, kikimaliza kikachukua mwingine. Najua kuunganisha kurasa kuwa PDF moja ni hatua ya mwishoni isiyogawanyika vizuri, lakini kwetu hiyo huchukua muda mfupi tu. Muda wote unaliwa na usomaji wa maandishi.

Wala si teknolojia ya jana. Intel na AMD waliingiza sokoni prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida mwaka 2005, pale ambapo kuongeza kasi ya kiini kimoja kulianza kugonga mwamba kwa sababu ya joto na umeme. OCRmyPDF, programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye PDF, hugawa kurasa kwa viini vyote vilivyopo bila mtumiaji kugusa chochote. Sisi tumelipia.

Tulipowaandikia, fundi wenu alitushauri tununue kompyuta yenye nguvu zaidi. Ushauri huo hausaidii: hata tukileta yenye viini 16, programu itatumia kimoja, na 15 vitakaa. Tukajaribu kufungua programu mara mbili kwenye mashine ileile ili tugawe majalada wenyewe, leseni ikakataa. Kisha tukaambiwa tuhamie huduma yenu ya mtandaoni inayolipiwa kwa mwezi. Nyaraka za wagonjwa na za viwanja si zetu; ni za wateja, na tangu kupitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hatuwezi kuzirusha kwenye seva za nje kwa sababu tu programu ya ofisini ni nzito.

Tunaomba mojawapo ya mambo haya. Mtoe toleo linalogawa kurasa kwa viini vyote, na mtupe tarehe ya kulipata kwa maandishi. Au, wakati tukilisubiri, mfungue leseni yetu turuhusiwe kuendesha programu mara kadhaa kwa pamoja kwenye kompyuta moja bila malipo ya ziada. Hilo la pili haliwahitaji kuandika upya programu, na lingetuokoa wiki hii hii. Mkishindwa yote, turudishieni fedha zetu zote.

Tusipopata jibu ndani ya siku 14, tutalipeleka shauri hili Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na nakala ya tangazo lenu na picha za Task Manager tulizoambatisha hapa.

Wako katika kazi,

Msimamizi, Kitengo cha Skani