Dawa za kuzuia damu kuganda: semeni ni mnyama gani

Bwana Mhariri,

Habari ikitoka kwamba dawa mpya ya kuzuia damu kuganda "imefaulu kwa wanyama", sisi wa labo hapa Bukavu tunabaki tukiuliza: mnyama gani, na damu yake iligandishwaje?

Njia iliyozoeleka ya kugandisha damu ni kloridi ya chuma, kemikali inayoumiza mshipa. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, ateri ya shingo (mshipa unaotoa damu moyoni) hufunuliwa, kisha kikaratasi cha kuchujia kilicholoweshwa myeyusho wa asilimia 10 hubandikwa juu yake kwa dakika 3 hivi. Kikitolewa, mshipa husafishwa, na kipimo cha Doppler, kinachotumia mawimbi ya sauti, hufuatilia damu mpaka isimame. Ukali wa myeyusho ukizidi, mshipa utaziba hata dawa iwe nzuri namna gani. Majimaji yakiachwa kando ya ateri, ukali hupungua, mshipa hauzibi, na dawa hupata sifa isiyo yake. Panya naye asiachwe apoe. Mwili ukae kwenye nyuzi 37.

Hilo ni jaribio la ateri. Kwa damu inayoganda mguuni baada ya upasuaji au uzazi, heri kufunga vena kuu ya tumbo (mshipa unaorudisha damu moyoni), kisha baada ya saa 24 au 48 kutoa bonge na kulipima kwa miligramu.

Aina ya mnyama ndiyo inayosahaulika zaidi. Dawa ya rivaroxaban huzuia fakta Xa (protini inayosaidia damu kuganda) ya sungura karibu sawa na ya binadamu, lakini ya panya kwa shida. Dawa nyingine, vorapaxar, huziba PAR1, kipokezi cha ishara ya kuganda, ambacho chembe sahani za panya (chembe za damu zinazoshikamana kufanya bonge) hazina kabisa! Simbilisi anacho, huyu huyu tunayemfuga majikoni Kivu na kumla.

Kisha kuna hatari ya kutoka damu kupita kiasi, na dawa isiyopimwa hapo haijapimwa. Ncha ya mkia hukatwa, mkia ukatumbukizwa katika maji ya chumvi ya nyuzi 37, muda ukahesabiwa. Maji yakiwa baridi mishipa hujikunja, damu hukoma mapema, na dawa ya hatari huonekana salama.

Tazameni pia saa ya kutoa dawa. Panya aliyepewa kabla ya mshipa kuumizwa anapima kinga tu; hasemi lolote juu ya bonge lililokwisha kuganda, hata kichwa cha habari kikiandika "inayeyusha".

Wafamasia wa labo,
Bukavu