Tenga la nyanya lipimwe kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kichwa cha tenga. Tenga lenyewe sina ugomvi nalo. Nasema kile kichwa kinachojengwa juu yake kwa fito na majani ya migomba, kikashonwa kwa kamba, ili nyanya zipite ukingo na kupanda juu.

Nalima robo eka bondeni, huku milimani Lushoto. Msimu huu nilisia mbegu kitaluni mwishoni mwa Mei, nikahamisha miche mwishoni mwa Juni. Kila mche una mti wake wa kuegemea. Kila wiki nilikuwa napunguza maotea na kukata majani ya chini yasiguse udongo. Mwezi wa nane mvua za mluati zilileta manyunyu siku tisa mfululizo, ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka saa tano. Hali hiyo ndiyo inayotakiwa na bakajani, ugonjwa unaounguza majani. Ukichelewa siku mbili tu kupiga dawa, shamba linageuka kama limepitiwa na moto. Jua lilipotoka akaja kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake hula ndani ya jani na kutoboa tunda. Mimi na binti yangu tulichuma kwa mkono majani yaliyoshambuliwa, tukayachoma. Siyasemi haya ili nionewe huruma. Nataka anayenunua fungu la nyanya ajue kilichomo ndani ya kilo moja.

Nyanya ya safari haichumwi ikiwa nyekundu. Tunaichuma inapoanza tu kubadilika rangi kwenye kitako, umande ukishakauka, kwa sababu ina kona za kushuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, zaidi ya kilomita 30, ndipo ianze safari ndefu ya Dar es Salaam. Mchumo wa kwanza nilipata matenga sita. Dalali akasema tenga shilingi 18,000, ila liwe na kichwa. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mama, ndivyo soko linavyotaka. Usipoweka, gari linapakia za jirani."

Siku ile nilikuwa nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua maharage. Tenga lililojaa mpaka ukingoni lilikuwa kilo 42. Lilipowekwa kichwa likafika kilo 57. Kilo 15 hazina bei. Kwa matenga sita ni kilo 90, yaani matenga mawili na zaidi yameondoka shambani kwangu bure, na dawa, samadi na vibarua vyake nimeshalipa.

Huwa tunaambiwa kichwa ni fidia ya nyanya zitakazopondeka njiani. Lakini kinachoziponda ni nini? Ni uzito huohuo wa juu! Nyanya za chini zinabeba mzigo ambao tenga halikusukwa kuubeba, na kila kona inazisaga. Mama wa mjini anauziwa zilizopasuka, mimi nanyimwa bei ya zilizo nzima.

Najua wasomaji watasema tugome. Nyanya iliyoanza kuiva haikusubiri uitishe mkutano. Siku chache ikishachumwa huwa imelainika. Nikikataa peke yangu, jirani yangu mwenye ada ya mtoto ya kulipa atakubali, na simlaumu. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuanzia kwa mkulima mmoja mmoja.

Sheria ya vipimo tunayo, na lumbesa ya magunia, yaani kuyajaza kupita kipimo, imepigiwa kelele miaka mingi. Tenga nalo liingie kwenye kelele hizo. Ninachoomba kwa halmashauri yetu ni mizani kwenye kila gulio la mboga, na bei itajwe kwa kilo kabla gari halijaanza kupakia. Wakala wa Vipimo nao waje siku za gulio. Magari mengi ya mboga yanashukia barabara hiyohiyo ya Soni, kwa hiyo kuyakagua si kazi ya kuzunguka wilaya nzima. Ila adhabu isimwangukie mwenye shamba aliyelazimishwa kujaza.

Tukianza kupima, na sisi tutabanwa. Zile zenye tundu la kiwavi ambazo wengine huzificha katikati ya tenga zitatakiwa zibaki nyumbani. Mimi nakubali. Bora nichague nyanya zangu mwenyewe nikiwa nimekaa chini ya mti wangu, nilipwe kwa kile kilichopanda mizani.

Kitalu changu cha vuli kimeshaota na wiki ijayo nahamisha miche. Mwezi wa kwanza nitakuwa nachuma tena, na tenga la kwanza kupandishwa kwenye mizani hiyo naomba liwe langu.

Mama mkulima,
Lushoto, Tanga