Majina ya mwanzo ya filamu yako ya uhalifu: njoo kabla hujashuti

Sisi hutengeneza majina ya mwanzo, yaani kile kipande cha kufungulia filamu kinachoonyesha majina ya walioitengeneza. Siku chache kabla ya kuwasilisha kazi, mwanafunzi anatuletea filamu ya dakika kumi, imeshahaririwa. Mauaji yamo, mpelelezi yumo, muuaji anakamatwa. Kisha anasema: "Imebaki kuweka majina tu pale mwanzo." Tunamuuliza ana picha gani za kuyabeba hayo majina. Anafungua folda, na humo mna shoti moja ya barabara usiku, tena imetikisika.

Wengi hutujia hivyo, na inatuuma, maana baadhi ya filamu hizo ni nzuri kweli. Fonti tutaitafuta na sauti tutaitengeneza. Lakini ile picha ya karibu ya mikono inayofunga bahasha haitoki kwenye kompyuta. Vifaa vimesharudishwa kwa wenyewe, chumba mlichoazima kina watu wengine, mwigizaji amenyoa ndevu. Ndiyo maana tunakuomba uje wakati skripti bado iko mezani. Majina ya mwanzo yaingie kwenye ratiba ya kushuti kama onyesho lingine lolote, yakiwa na saa zake na mtu wa kuyasimamia.

Hadithi za uhalifu zina jambo lake. Mtazamaji wake huanza kupeleleza tangu sekunde ya kwanza, na chochote unachomwonyesha anakiweka akibani kama ushahidi. Mbunifu Kyle Cooper alilitumia hilo vizuri katika majina ya mwanzo ya filamu ya Seven, mwaka 1995: mikono inashona kurasa za daftari na kufuta maneno, na herufi zenyewe zimekwaruzwa kwa mkono. Muuaji wa filamu ile hujitokeza mwishoni mwishoni, lakini kwa yale majina mtazamaji anakuwa ameshakaa naye. Mbunifu Saul Bass alipita njia nyingine katika filamu ya Psycho, mwaka 1960. Hakuonyesha kitu wala mtu. Ni mistari tu inayokimbia na kuyakatakata majina, huku vinanda vya nyuzi vya mtunzi wa muziki Bernard Herrmann vikisukuma kwa pupa. Huyu wa kwanza anakupa ushahidi, wa pili anakupa wasiwasi. Njia zote mbili zinawezekana kwa kamera ndogo na meza moja. Kinachotakiwa ni kuchagua mapema, kwa sababu ukizichanganya bila mpango zinauana.

Kwa filamu ya mwanafunzi sisi hupendelea ya kwanza, na huuliza swali moja: ni kitu gani kimoja katika hadithi yako ambacho mtazamaji akikiona mapema hatakielewa, ila baadaye kitamrudia? Tuseme ni saa ya mkononi iliyosimama usiku wa mauaji. Katika majina tunaona mkanda wake, kioo kilichopasuka, kitambaa kinachopita juu yake taratibu, mshale uliogoma. Hatuoni uso wala mahali. Dakika saba baadaye mpelelezi anaiokota saa hiyo, na mtazamaji anashtuka kwa sababu alishaishika kwa macho. Shoti sita au saba za namna hii hushutiwa kwa nusu siku, kwa taa moja ya pembeni, tripodi na kitambaa cheusi.

Hapo hapo ndipo wengi huteleza. Kitu kionyeshe, uhusiano wake ufiche. Ikiwa muuaji ana pete na mikono ya kwenye majina imevaa pete hiyo hiyo, umeshamtaja kabla hajatenda. Mara nyingi tunashauri mikono ya mwanzo iwe na glavu, au ishutiwe kwa karibu mno kiasi kwamba kinachobaki ni ngozi na kivuli. Na karatasi zinazoonekana, ziwe jalada la kesi, kitambulisho au namba ya simu, zote ziwe za kubuni. Watazamaji husimamisha picha wakasoma, na namba ya mtu halisi itamletea usumbufu asiostahili.

Sasa hesabu, ambayo huwashangaza watu. Kadi ya jina moja, yaani maandishi yanayotokea kwenye skrini kwa mara moja, inahitaji kama sekunde 3. Kipimo chetu ni kuisoma kimyakimya mara mbili bila haraka. Ukiwa na kadi 9 za majina, hizo ni sekunde 27. Jina la filamu lipe 5. Baada ya kila moja ya kadi hizo 10 acha sekunde moja na nusu ya picha tupu ili jicho lipumue, nayo ni 15. Jumla 47, karibu dakika nzima katika filamu ya dakika kumi. Ni nyingi. Kwa urefu huo tunalenga 30, na njia ya kufika huko ni kupunguza kadi, si kuzikimbiza. Kama wewe ndiye uliyeandika, ukaongoza na ukahariri, kadi moja inatosha: "Imeandikwa, imeongozwa na kuhaririwa na…", iwe ya mwisho, mahali ambapo kwa desturi hukaa jina la muongozaji. Waigizaji wakuu watangulie. Walioshika taa na waliowapikia chakula waende mwishoni mwa filamu, na wasisahaulike.

Tahajia ya majina waulize wenyewe, kwa maandishi. Mtu aliyejitolea usiku kucha kisha akakuta jina lake limekosewa kwenye skrini kubwa haumii kidogo.

Filamu za uhalifu hupenda giza, na giza lina gharama. Kivuli kinachofifia polepole ukutani, kikipandishwa mtandaoni, hukatika kuwa matabaka kama ngazi. Chembechembe kidogo za picha husaidia, lakini taa iliyowekwa vizuri husaidia zaidi. Herufi nyembamba zinazopendeza kwenye kompyuta yako hupotea kwenye simu, kwa hiyo zijaribu huko kwanza. Zisisogee ukingoni pia: ziache ndani ya asilimia 90 ya katikati ya fremu, kwa kuwa baadhi ya skrini na projekta hukata pembe.

Muziki tunauhitaji kabla ya kukata picha, hata kama ni rasimu, maana majina huingia kwa mapigo yake. Usiutegemee wimbo maarufu usio na kibali; matamasha huuliza haki za muziki, na kuubadilisha mwishoni ni kuyasuka upya majina yote. Mara nyingi mlio mmoja, kama saa inayodunda au bomba linalovuja, unatisha kuliko okestra.

Ukija kwetu, njoo na skripti, orodha ya majina, na picha kumi za simu za vitu vilivyomo kwenye hadithi. Tutazipanga pamoja juu ya sauti, hapo hapo mezani, na kabla hujaondoka utakuwa umeona majina yako ya mwanzo kwa picha za mnato. Shoti isiyofanya kazi tutaiona siku hiyo, wakati bado hujaazima kamera.