Wote wa Nani?

Uyole, Mbeya

Mwalimu, kamwene!

Barua yako ya Mafinga imenifikia, na kile kipeperushi ulichonitumia nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejifunika blanketi maana baridi ya huku mwezi huu haina adabu. Kazi ni nzuri. Tatizo langu ni pale juu kabisa, ulipoandika "Bima ya Afya ya Ulimwengu".

Najua ulivyofika hapo. Umekutana na neno la Kiingereza "universal", ukakumbuka Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu, ukachukua neno ukaja nalo. Lakini hebu mfikirie mzee wa Mufindi anayesoma hicho kichwa. Ulimwengu anaoujua yeye ni ule unaomfunza asiyefunzwa na mamaye. Walimwengu ni wale wasiokosa la kusema. Ataona bima ya watu wa starehe, akikunje afungie tumbaku. Na sheria ya mwaka 2023 ilishatuamulia: Bima ya Afya kwa Wote. Angalia hiyo "kwa". Inakuonyesha kitu kinaelekea kwa nani.

Hilo "universal" lina asili ya Kilatini, na ndani yake mna "moja" na "kugeuzwa", yaani vitu vingi vilivyogeuzwa kuwa kimoja. Wazungu wanaliweka popote na linakaa. Kwetu linabadilika kila linapohama. Lile kundi la damu O hasi, kwa mfano, nalo wanaliita "universal", lakini huwezi kusema ni damu ya wote. Wodini anayehitaji ni mgonjwa mmoja, na kwa dharura chembe nyekundu za O hasi anaweza kuwekewa mgonjwa yeyote. "Yeyote" ndilo neno lenyewe. Kwenye kanuni ya mvutano ya Newton, nayo wanaiita "universal", hapo sikukatazi ulimwengu wako, tena unakaa vizuri: kinachoangusha parachichi Tukuyu ndicho kinachoushika mwezi usituache.

Rudi sasa kwenye ile Taarifa ya Haki za Binadamu, yaani Tamko la 1948. Wengi siku hizi husema Tamko la Kimataifa, na mimi sipendi. Kimataifa ni mambo baina ya serikali na serikali. Waliolitunga walianza na neno hilo hilo la kimataifa, kisha wakaliacha wakachukua hili pana, ili mwenye haki awe mtu. Hapo tena nakuunga mkono na ulimwengu wako. Ila nchi 58 ndizo zilizokuwa wanachama wa Umoja wa Mataifa, 48 zikakubali, 8 zikajizuia kupiga kura, na Tanganyika haikuwa na kiti kwa sababu ilikuwa chini ya Uingereza. Babu zetu walikuwa ndani ya "wote" bila kuulizwa.

UPE, yaani "Universal Primary Education", elimu ya msingi kwa wote, unaikumbuka kuliko mimi. TANU iliamua Musoma mwaka 1974 kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, na utekelezaji ukaja 1977. Watoto wakajaa, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza kazi huku wanafundisha. Watani wakazigeuza zile herufi tatu kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wao, na mwandiko wake ubaoni sijaufikia mpaka leo, kwa hiyo utani huo mimi huwa sicheki.

Nikuambie na langu. Mwezi uliopita nilinunua rimoti Mwanjelwa, imeandikwa "UNIVERSAL" kwa herufi kubwa. Kijana akaniapia: "Mwalimu, hii inaingia TV zote." Nikakesha na ile karatasi ya namba, najaza moja baada ya nyingine, mama watoto ananitazama tu. Kesho yake nikamrudishia. Akaniuliza TV yangu ikoje, nikamweleza. "Aa, mwalimu, hiyo ya kichogo! Zote za flati, ndio nilimaanisha." Hela hakurudisha.

Kwa hiyo ukikuta "wote" kwenye hicho kipeperushi, andika pembeni kwa penseli: wote wa nani? Na aya ya nne uliposema "wananchi wote hawajajiandikisha", irekebishe. Mmoja ataelewa hakuna hata mtu, mwingine ataelewa bado baadhi. Sema "si wananchi wote waliojiandikisha", kama ndivyo ulivyokusudia.

Ile rimoti ninayo bado. Nasikia shemeji alinunua flati mwaka jana. Niulizie ni ya aina gani, nikikuta namba yake kwenye karatasi nitampa kondakta wa basi la Ijumaa akuletee.

Wasalimie watoto.

Mwalimu mwenzio